Kipimo Anacho Bata Mwenyewe

Mjomba alirudi Busibwabo, kwetu magharibi mwa Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1970, akiwa na tezo mbili, msumeno na kisu kifupi. Alikuwa amefanya kazi Changamwe, Mombasa, pamoja na wachongaji wa Kikamba. Ufundi wao ulianzia Wamunyu, ambako mchongaji Mutisya Munge aliufikisha baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kufikia miaka hiyo ya 1970 ulikuwa unalisha maelfu ya familia. Kwetu hakukuwa na mpingo wala muhugu, kwa hiyo mjomba alichonga bata kwa jakaranda na mwembe. Wanunuzi wake walikuwa wasafiri na madereva waliokuwa wakingoja karatasi za forodha Malaba, mpakani na Uganda. Idi Amin alipoondolewa Kampala, Aprili 1979, magari yalizidi mpakani, na bata wa mjomba wakaanza kununuliwa.

Mimi nilikuwa kijana wa kuokota mbao na kupiga msasa. Hivyo nilikuwepo mfanyabiashara mmoja wa mjini alipoleta oda ya bata wengi wa namna moja, akaacha na sampuli aliyoitoa kwingine. Mjomba aliwakabidhi kazi wanafunzi wake wawili, naye akaenda Nambale kutafuta mbao. Yule wa kwanza aliitazama sampuli akachonga. Wa pili akatazama bata wa mwenzake. Kisha kila mmoja akawa anachukua aliye karibu na mkono.

Mjomba aliporudi aliwapanga bata wote kwenye benchi chini ya mwembe, kwa utaratibu waliochongwa. Hakusema neno. Hata mtoto angeona: kichwa kilikuwa kinakua kidogo kidogo, shingo inafupika, na yule wa mwisho alikuwa na uso wa kifaranga juu ya mwili wa bata mzima.

"Hakuna aliyefanya uvivu hapa," aliwaambia. "Jicho la mtu linapenda uso. Ukitazama kiumbe, kichwa ndicho unachokiona kwanza, na mkono unakipa nafasi kuliko haki yake. Aliyemwiga mwenzake amechukua ziada ya mwenzake, akaongeza na yake."

Akamkamata bata wa nyumbani, akampakata, akamfunika macho kwa kiganja mpaka akatulia. Alichukua kamba ya katani, akaipima kutoka ncha ya mdomo hadi kisogoni, akafunga fundo. Kipande hicho ndicho kilichokuwa rula yetu. Kutoka kifuani hadi ncha ya mkia kiliingia karibu mara tatu na nusu. Mdomo peke yake ulichukua kama nusu yake. Jicho tulilikuta nyuma ya nusu hiyo, tena juu, karibu na utosi, ilhali wanafunzi walikuwa wameliweka katikati ya shavu kama la binadamu. Kosa hilo la jicho peke yake linatosha kumfanya bata aonekane mwenye mshangao.

Kisha alituambia tufumbe macho tushike. Chini ya manyoya shingo ni ndefu mno. Bata aliyepumzika huikunja, ndiyo maana inaonekana fupi. Mchongaji lazima aamue kabla ya kugusa mti: huyu amelala, anaogelea, au amesikia kitu? Kila hali ina urefu wake wa shingo, na kifua hubadilika pamoja nayo. Akishaamua, aache mti wa ziada kwenye mdomo na mkia, maana unaweza kupunguza lakini huwezi kurudisha.

Mti nao una madai yake. Mdomo uliochongwa kukatisha nyuzi za mbao huvunjika ukianguka mara moja. Ndiyo sababu mjomba aliwapenda bata wenye vichwa vilivyogeuzwa na kulazwa mgongoni: mdomo ulifuata nyuzi, na shingo ikapata pa kuegemea.

Wakati huohuo babu, upande wa pili wa ua, alikuwa na matenga ya kware, isindu kwetu. Madume yaliyojua kuita yalipandishwa juu ya mti mrefu wakati wa mvua, alfajiri yakaita, na wenzao waliokuwa wakisafiri usiku wakashuka kwenye matanzi yaliyotegwa chini. Mjomba alikaa hapo saa nzima akitazama. Kware anayeita husimama wima, kifua mbele. Asiyeita huchuchumaa akawa mviringo, mkia hauonekani. Alitukataza kumchukua bata na kumpunguza ili tupate kware. Kila ndege ana rula yake, na rula hiyo imo mwilini mwake.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba huko Marekani kuna watu walioifanya kazi hii kwa sababu kama ya babu: kuwavuta bata majini. Mwaka 1924, katika pango la Lovelock, Nevada, walipatikana bata 11 wa matete, wenye umri wa miaka ipatayo 2,000. Mwaka 1935 nchi hiyo ilipiga marufuku kutumia bata hai kuwavuta wenzao, wa bandia wakabaki peke yao. Wachongaji wengi wa huko huchonga kichwa kando na kukiunga, ili nyuzi zifuate mdomo. Kule Crisfield, Maryland, ndugu wawili, Lem na Steve Ward, waliifikisha kazi hiyo kwenye hadhi ya sanaa. Niliposoma hayo nilifurahi sana, kwa sababu niliona hesabu ileile ya chini ya mwembe wetu. Bata wa mbao akikosewa vipimo, bata wa porini hashuki. Mnunuzi wa Malaba alikuwa mpole zaidi, lakini naye aliwapita bata wenye vichwa vikubwa bila kujua kwa nini.

Leo vibanda vya vinyago vimejaa kazi iliyoigwa kutoka kazi nyingine. Ufugaji wa kware uliovuma Kenya mwaka 2013 na 2014 uliwapa watoto wengi nafasi ya kumshika kware, lakini yule ni kware wa Kijapani, mzito kuliko isindu wa babu. Atakayempima atapata ndege mwingine. Na sehemu za kinamasi cha Mto Sio, walikokuwa wakitua mabata-mwitu, sasa ni mashamba.

Kwa hiyo ninapoombwa ushauri na vijana wanaotaka kuchonga, siwaonyeshi kinyago. Nawaambia waazime bata kwa jirani, wafunge fundo kwenye kamba, wampime akiwa hai. Na kwa wanaoamua hatima ya kinamasi cha Sio nasema hivi: ndege wakiondoka, mchongaji atabaki kumwiga mchongaji, na tumeshaona chini ya mwembe mwigo huo unafika wapi.