Tulipovuka Rusumo kwa Pikipiki

Mama mpenzi, kama una binti aliyeolewa mbali utatuelewa. Binti yetu ameolewa Kibungo, mashariki ya Rwanda. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, sisi babu na bibi tulishindwa kungoja. Tunaishi wilaya ya Ngara, pikipiki tunayo, na mpaka wa Rusumo si mbali nasi. Tukakubaliana kwenda kwa pikipiki, baba mbele na mama nyuma.

Safari hiyo ilitufundisha jambo ambalo tulidhani tunalijua. Mama wa safari hii ni muuguzi, na kwa miaka mingi amewaosha vidonda vijana walioanguka na bodaboda. Hata hivyo kofia yake ngumu ilikuwa ikining'inia ukutani nyumbani. Inaharibu nywele, tulisema, na kanisa liko karibu.

Maandalizi

Chombo kinapovuka mpaka, karatasi zake huvuka nacho. Tulikusanya pasi za kusafiria, leseni ya udereva na kadi ya pikipiki. Bima ya nyumbani peke yake haitoshi ugenini. Ipo bima ya Kadi ya Njano, inayotambuliwa katika nchi kadhaa za Afrika ya Mashariki na Kusini, Rwanda ikiwamo, nayo ndiyo humfidia mtu utakayemgonga huko. Forodha nao hutoa kibali cha kuingiza chombo kwa muda. Anayesafiri na pikipiki ya kuazima asisahau barua ya mwenyewe.

Baba alikagua breki, taa, matairi na mnyororo. Mama akaweka unga wa ulezi wa mzazi ndani ya kikapu, kwa kuwa Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Kitenge kilikunjwa kikawekwa begini, na mama akavaa suruali chini ya gauni ili akae kwa kupanua miguu. Wako kina mama watakaoguna. Lakini kukaa upande kunamfanya abiria aponyoke kwa urahisi, na nguo inayoning'inia ikinaswa na gurudumu humvuta mtu chini kabla hajapiga kelele. Tumewapokea wodini.

Darajani

Tuliondoka alfajiri, tukapita Benaco penye malori mengi, tukateremka hadi mto Kagera. Maporomoko ya Rusumo yanasikika kabla hayajaonekana. Daraja la sasa na kituo cha pamoja cha mpaka vilizinduliwa mwaka 2016. Hatukuweza kupita hapo bila kukumbuka mwisho wa Aprili 1994, wakati watu wapatao 250,000 walipovuka kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, wakiyakimbia makwao. Leo wanavuka wafanyabiashara, wanafunzi, na mababu wanaokwenda kuona wajukuu. Tulimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Baada ya mpaka, mambo mawili hubadilika. Saa hurudi nyuma kwa saa moja, na magari hupita upande wa kulia wa barabara. Baba alisimamisha pikipiki pembeni, akavua saa yake, akairudisha nyuma, kisha akaivaa mkono wa kulia. “Nikiitazama nitakumbuka upande,” alisema. Mama naye akapewa kazi: kila tunapoondoka, kila njia panda, aseme kwa sauti, “Kulia!”

Usidhani ni jambo dogo. Penye magari mengi mgeni huyafuata, hapotei. Hatari iko pale unapotoka kituo cha mafuta au uani mwa nyumba asubuhi, barabara ikiwa tupu, na mkono ukafuata mazoea. Hata anayetembea kwa miguu lazima ageuze desturi: huko gari la kwanza kukufikia hutokea kushoto kwako, basi tazama kushoto kwanza.

Kibungo na Kigali

Tulipokewa kwa vigelegele. Kihangaza chetu na Kinyarwanda ni ndugu, tukasikilizana na wakwe bila shida. Mjukuu tulimpakata kwa zamu. Mkwe wetu akatuonya kufuata vibao vya mwendo, maana barabarani kuna kamera ambazo wenyeji wamezipa jina la Sofia, na Sofia hamwonei mtu haya.

Siku ya tatu tulipanda basi kwenda Kigali. Huko bodaboda huitwa moto. Dereva huvaa kizibao chenye namba, hubeba abiria mmoja tu, naye humpa abiria kofia ngumu. Wetu hakuondoka mpaka alipoona mikanda ya kidevuni imefungwa. Tulipofika kwenye mzunguko, ule ambao Tanzania tunauita kipilefti, tulicheka. Jina hilo limetokana na amri ya Kiingereza ya kushika kushoto, na hapa kila mtu anazunguka kwa kushika kulia!

Kicheko hakikudumu. Nyumbani tunapanda na kushuka upande wa kushoto, uliko ukingo wa barabara, na ekzosi ya pikipiki nyingi iko kulia. Rwanda ukingo uko kulia, yaani upande ule ule wa ekzosi. Mama aliposhuka, muundi wa mguu wa kulia uligusa chuma cha moto. Tuliomba maji katika mgahawa, tukayamimina polepole kwa dakika 20. Hiyo ndiyo tiba ya kwanza ya kuungua: maji safi ya baridi, wala si dawa ya meno wala mafuta ya kupikia, na lengelenge lisipasuliwe. Tangu hapo tulimwomba dereva aingie pembeni kabisa, tukashuka kushoto baada ya kutazama nyuma.

Kosa letu

Sasa tuseme lile ambalo tungependa kulificha. Wakati wa kurudi, baada ya Rusumo, mama alivua kofia akaipachika mkononi. Jua lilikuwa kali, na tulikwisha fika kwetu. Baba alikuwa ameisogeza saa yake mbele, lakini ilibaki mkono wa kulia. Tulisimama njiani kula, tukaongea habari za mtoto, anafanana na nani, ana vidole vya nani. Tulipoondoka tulikuwa bado tunaongea. Hakuna aliyesema “Kushoto.”

Barabara ilikuwa tupu. Tulishika kulia, tukaenda hivyo mpaka lori lilipotokea kwenye kona mbele yetu likipiga honi. Baba aliitupa pikipiki kwenye changarawe, tukaanguka. Kikapu kilipasuka. Mama alitua kwa bega, na jiwe kubwa lilikuwa upana wa kiganja tu kutoka kichwani pake. Kofia ilikuwa bado mkononi.

Tulikaa pembeni muda mrefu bila kusemezana. Mikono ya baba ilitetemeka. Tulikuwa tumewaacha nyuma binti aliye katika siku arobaini na mtoto mchanga. Habari gani ingewafikia jioni ile?

Tuliyojifunza

Kule Rwanda tulitii kwa kumwogopa askari. Tulipomwacha askari, tukaiacha na sheria. Lakini jiwe halijui mpaka uko wapi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu humpunguzia mpanda pikipiki apataye ajali hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Mungu aliagiza kwamba ajengaye nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Tulikuwa tumeisoma mara nyingi bila kujua kuwa inatuhusu. Kanuni ya barabarani ni ukuta kama huo. Mwenye nyumba huujenga kwa kuwapenda wale watakaopanda juu.

Kwa hiyo, mama mwenzetu, anza na nyumba yako. Kofia imkae mtu vizuri, na mkanda uache nafasi ya vidole viwili tu chini ya kidevu. Ikishapigwa kwa nguvu, nunua nyingine hata kama haina ufa. Ukikuta majeruhi barabarani, usimvute kofia kwa haraka kama anapumua vema, maana shingo yake huenda imeumia. Na akisafiri mume au kijana wako kwenda nchi ya upande mwingine, mkumbushe siku ya kwenda, na siku ya kurudi mkumbushe zaidi.

Siku hizi tunakwenda kanisani tumevaa kofia sote wawili. Majirani hutucheka: “Mama, leo tena Rwanda?” Tunawajibu, “Ndiyo, Rwanda,” nasi tunafunga mikanda. Mjukuu ameanza kukaa. Tumeahidi kumwona Krismasi.