Mbona Home Haitupeleki Nyumbani?

Wasee, leo naongelea kitu kidogo hadi utacheka: vitufe viwili vya kibodi, Home na End. Lakini kaa nami, kwa sababu nyuma yake kuna swali la nani anafanywa ajione mjinga mbele ya kompyuta.

Kazi yangu ni video. Nyingi nazikata na kuzibana kwa ffmpeg, programu ya bure ambayo haina vibonyezo vya kupendeza. Unafungua taminali, lile dirisha jeusi, unaandika amri, unagonga Enter, basi. Amri yenyewe huwa ndefu kama foleni ya Thika Road saa kumi na mbili jioni. Jina la video liko huko mwanzo, mimi niko mwisho. Nikitaka kulibadilisha, lazima kile kijiti kinachomwekamweka kirudi mwanzo wa mstari. Hiyo ndiyo kazi ya Home, ama sivyo?

Kwenye Ubuntu, ndiyo. Home inakirudisha mwanzo, End inakipeleka mwisho. Windows vilevile. Sasa shika MacBook. Kitufe chenye jina Home hakipo. Unabonyeza Fn pamoja na mshale wa kushoto. Halafu kwenye taminali inayokuja na Mac, kijiti hakisongi hata. Dirisha lenyewe ndilo linaruka hadi juu kabisa, unaona vitu vya asubuhi, na amri yako haionekani tena. Haijafutika, iko tu huko chini. Lakini mtu wa siku ya kwanza atajuaje?

Kumbe hii vurugu ni ya kitambo. Zamani taminali ilikuwa mashine nzima, skrini na kibodi yake. VT100 ya kampuni ya Digital ya Marekani, iliyotoka 1978, ndiyo programu nyingi za leo zinaiga, na kibodi yake haikuwa na Home wala End. Kwa vile hakukuwa na mfano wa kufuata, kila mtu alijichagulia ishara yake. Programu ya xterm hutuma ishara moja ukibonyeza Home, rxvt hutuma nyingine. Ndiyo maana unaweza kuingia kwenye seva ya mbali, ubonyeze Home, na badala ya kurudi mwanzo uone kiwimbi, ~, kimejiandika katikati ya amri yako.

Tuwe wa haki. Mac ina mantiki yake. Kwenye programu zake nyingi, Home hukupeleka juu ya ukurasa bila kusogeza kijiti. Aliyezoea hivyo akikalia Ubuntu, yeye ndiye atashangaa. Hakuna mjinga hapo.

Lakini mimi nina msimamo. Ndani ya taminali, kitufe kikibonyezwa peke yake kiwe cha mstari ninaoandika. Dirisha likitaka kuskroli, litumie Shift. Taminali ya GNOME kwenye Linux inafanya hivyo: Home ni ya mstari, Shift na Home ni ya dirisha. Sababu ni rahisi. Kuskroli naweza kwa vidole viwili au kwa mausi. Kurudi mwanzo wa amri ya maneno arobaini nikigonga mshale mara mia mbili, hiyo ni adhabu.

Mtasema, si ujifunze njia ya mkato? Ninayo. Ctrl na A inakupeleka mwanzo, Ctrl na E mwisho, kwenye Mac na Linux, urithi kutoka Emacs. Lakini nenda PowerShell ya Windows ubonyeze Ctrl na A: inachagua amri yote. Hata dawa inabadilika ukivuka mpaka.

Na hapa ndipo inaniuma. Niliacha chuo kikuu kabla ya kumaliza, na sileti stori ya huruma. Ninachojua nilikijulia kwenye mashine za watu: Windows ya saiba ya mtaani, laptopu kuukuu ya binamu yenye Ubuntu, Mac ya mteja. Vijana wengi huku kwetu tunasoma hivyo. Mwenye mashine yake moja anazoea vituko vyake hadi havioni tena. Sisi wa kuazima ndio tunaanza upya kila mara, na saiba inahesabu dakika.

Kuna dada alinitumia ujumbe kwamba amefuata video yangu neno kwa neno, lakini Home "inameza" amri yake. Alikuwa ameshaamua mambo ya kompyuta si ya watu kama yeye. Alikuwa anatumia Mac ya kazini. Hivyo tu.

Kama uko kama yeye, fungua mipangilio ya taminali ya Mac, nenda sehemu ya Profiles, halafu Keyboard, uiambie Home itume \001 na End itume \005. Hizo ndizo Ctrl na A, Ctrl na E. Dakika mbili, umemaliza.

Na siku mtu akikuambia kompyuta haimtaki, kabla hujamwambia aongeze bidii, muulize kwanza anatumia mashine gani.