Maganda ya Muhogo na Ndoo ya Maji

Methali husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliyekulia Uganda, karibu na mafundi wa nyumba, naona kuna nyufa zinazozaliwa siku ileile ukuta unapojengwa. Nyingine huletwa na maji.

Zege zito huchosha kulikoroga kwa sepetu, na kulipenyeza katikati ya nondo ni kazi. Basi fundi huongeza ndoo ya maji, nalo hulainika. Lakini saruji huhitaji maji kwa kiasi. Mfuko wa kilo 50 hutoshwa na lita 25 hivi. Yanayozidi hukauka na kuacha vitundu ndani ya zege, na nguvu yake hupungua. Mhandisi Duff Abrams alilieleza jambo hili huko Chicago mwaka 1918.

Dawa ya kulainisha zege bila kuongeza maji ipo, na mojawapo hutoka kwenye miti. Viwanda vya karatasi hubakiwa na lignini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi za mti. Lignini hiyo ikishatengenezwa, hujibandika kwenye chembe za saruji na kuzifanya zisukumane. Maji yaliyonaswa kati yake huachiliwa, na zege hutiririka. Hata hivyo, mafundi wa mtaani kwetu sijawaona wakiitumia.

Wanachokijua ni muhogo. Watafiti wa Afrika na Ujerumani wamejaribu wanga wake katika zege. Ukiandaliwa vizuri, huyafanya maji yawe na uzito kidogo ili kokoto zisizame chini, tena huchelewesha zege kuganda, jambo lenye faida penye jua kali. Lakini lazima upimwe. Sukari kidogo tu ikizidi huzuia zege lisigande kwa wakati, na wanga nao hautaki kukisiwa kwa kiganja.

Bibi yangu angeuliza, "Mnajenga kwa chakula?" Swali lake ni la haki, maana mwaka wa njaa muhogo ndio unaotuokoa. Kwa maoni yangu, tuanze na maganda. Nayo yana wanga, na mengi huozea nyuma ya jiko. Yakichunguzwa na kupimwa vizuri, huenda fundi akapata zege laini, ile ndoo ya ziada ikabaki kando, na sahani ya bibi isiguswe.