Kukimbia na Kukimbilia

Wapo washairi wenzangu wanaoniuliza kwa nini tungo zangu za miaka hii zimejaa popo, makaburi na vinywa visivyo na meno. Mwalimu mstaafu, wasema, yampasa kutunga nasaha. Jibu langu laanzia kwa wachongaji.

Barabara ya Kilwa, inayopita hapa kwetu Mbagala, imewaingiza mjini watu wengi wa kusini, Wamakonde wakiwamo. Miongoni mwao alikuwa George Lilanga, mzaliwa wa Masasi. Katika miaka ya 1970 alikuwa mlinzi pale Nyumba ya Sanaa kabla ya kutambuliwa kuwa msanii. Mashetani aliowachonga na kuwachora, wenye masikio mapana na midomo iliyobenuka, yalivuka bahari na kuoneshwa Ulaya na Marekani. Yatisha, lakini yatazame vema: yanacheza, yanacheka.

Katika ushairi, Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, wahafidhina walimwambia kwamba kisicho na vina na mizani si shairi. Aliachwa nje ya uzio, naye akaendelea kuandika uchungu wake kwa umbo alilolichagua.

Nami nilifikia uzio huo baada ya kustaafu. Kwa miaka mingi niliwafundisha vijana kwamba mtumishi mwaminifu hasahauliwi. Kisha nikafuatilia mafao yangu katika ofisi moja, kila dirisha likinielekeza dirisha jingine, hata maneno yale ya darasani yakawa yananikaba kooni. Usiku mmoja niliandika shairi juu ya faili linalotafuna vidole vya mwenye nalo. Halikuwa na kina hata kimoja. Nilipolimaliza, nililala hadi alfajiri. Mama watoto alipolisoma, alicheka pale faili linapobeua.

Lugha yetu hutenganisha kukimbia na kukimbilia. Anayekimbia huyapa mambo kisogo. Anayekimbilia anajua aendako. Shairi la giza ni kimbilio kwa maana hii ya pili: ndani yake dhuluma hupata uso, na chenye uso chaweza kutazamwa, hata kuchekwa. Nasaha haikunipa hilo, kwa kuwa ilinitaka nitabasamu kwanza.

Basi wanaosubiri nasaha wanivumilie. Mafao yalikwisha kulipwa, lakini shairi la faili bado nalirekebisha.