Macho Yanapozima, Ubongo Haulali

Walimu tumelelewa na methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni nzuri, na kwa mtoto ina ukweli mkubwa. Lakini mwalimu akiishika bila kuipima aweza kumfungia mlango mtu ambaye bado ana nguvu za kujifunza. Twasema hivi kwa kuwa sisi wenyewe tulimfungia mmoja, naye alikuwa mwalimu mwenzetu.

Mwaka 2004 tulikuwa walimu saba katika shule moja ya msingi upande wa Kwala, mkoani Pwani. Aijuaye sehemu hiyo aikumbuka reli ya kati, mashamba ya mihogo na mikorosho, na njia za vumbi ziendazo upande wa Kisarawe. Mwenzetu huyo alikuwa na umri wa miaka 44, naye akifundisha hisabati darasa la 5 na la 6. Alianza kwa kujigonga kwenye miimo ya milango. Baadaye akawa anapoteza mstari aliokuwa akiuandika ubaoni, na wanafunzi wakawa wanacheka kichinichini. Hospitalini akaambiwa ana presha ya macho. Maradhi hayo huua mshipa wa fahamu wa jicho polepole, aghalabu bila maumivu, na uoni uliokwisha potea haurudi. Baada ya miaka miwili hakuona ila mwanga wa mchana.

Sisi tuligawana vipindi vyake. Tulimwekea kiti chini ya mwembe, tukamletea chai, tukamshika mkono kila alipotaka kusimama. Tulidhani huo ndio wema. Siku moja akatuuliza kama aweza kujifunza maandishi ya nukta nundu, yasomwayo kwa vidole. Mkubwa wetu kwa umri akamjibu, nasi sote tukatikisa vichwa kukubali: "Mwalimu, hayo ni mambo ya watoto. Vidole vyetu vimekwisha komaa." Akanyamaza, wala hakuuliza tena.

Miezi mingi baadaye, jioni moja, akatuambia jambo lililotutia hofu. "Ndugu zangu, naona watu." Akaeleza kwamba huona watu wafupi waliovaa nguo za rangi kali, wamejipanga ukutani, hawasemi neno. Mara nyingine huona ukuta wa matofali mekundu na ya samawati mahali ambapo ajua pana uwanja mtupu. Alijua fika kuwa hawapo. Hata hivyo alikuwa ameificha habari hiyo kwa miezi minne, hata mkewe hakumwambia, maana kijijini mtu aonaye visivyokuwapo huitwa kwa mojawapo ya majina mawili: mwendawazimu au mwenye mashetani. Mmoja wetu akashauri apelekwe kwa mganga. Mwingine akasema aombewe. Hapana aliyejua kwamba hali hiyo ina jina na maelezo yake.

Ilikwisha andikwa mwaka 1760. Charles Bonnet, mtaalamu wa elimu ya viumbe wa mji wa Geneva, alieleza habari za babu yake, Charles Lullin, mzee wa miaka 89 aliyekuwa amepungukiwa na uoni. Mzee huyo, mwenye akili timamu, alikuwa akiona watu, ndege, magari ya farasi na majumba, naye akijua kuwa si vitu vya kweli. Hadi leo hali hiyo huitwa kwa jina la Bonnet.

Ili kuielewa hatuna budi kukumbuka kwamba jicho peke yake halioni. Jicho hupokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara. Ishara hizo hupita katika mshipa wa fahamu hadi nyuma kabisa ya ubongo, kisogoni, na hapo ndipo penye gamba la ubongo linalofanya kazi ya kuona. Sehemu hiyo ikiharibika mtu huwa kipofu ijapokuwa macho yake ni mazima. Na macho yakiharibika, sehemu hiyo hubaki nzima, ila haipati tena habari kutoka nje.

Kila mwalimu ajua kinachotokea darasa likikosa mwalimu: halikai kimya. Vivyo hivyo, gamba la kuona lililozoea kazi kwa miaka 40 hujizushia shughuli lenyewe. Mwaka 1998 Dominic ffytche na wenzake mjini London walipiga picha za ubongo wa watu wenye hali hiyo. Waliona kuwa mtu anapozuka na sura za rangi, ile sehemu ya ubongo ishughulikayo rangi ndiyo inayofanya kazi. Kwa hiyo mwenzetu hakuwa na wazimu wala pepo. Ubongo wake ulikuwa ukijaribu kuzoea upungufu. Pamoja na hayo, aonaye vitu kama hivyo yafaa apelekwe kwa daktari, kwani yapo maradhi mengine pia yaletayo maono. Lakini neno la kwanza la kumtuliza aweza kulisema mwalimu yeyote anayejua.

Sasa turudi kwenye ile methali. Wanasayansi nao walikuwa na methali yao ya samaki mbichi. Katika miaka ya 1960 David Hubel na Torsten Wiesel walionyesha kwamba mtoto wa paka akifumbwa jicho moja katika majuma yake ya mwanzo, ubongo hauwezi tena kulitumia vizuri jicho hilo hata likifumbuliwa baadaye. Paka mkubwa akifumbwa vivyo hivyo, hapati dhara hilo. Kazi yao ilipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Fundisho lake kwa mwalimu wa shule ya msingi ni kubwa: mtoto mwenye mtoto wa jicho au makengeza asingojewe akue, bali apelekwe hospitali mapema, kwa sababu ubongo wake una majira ya kujifunza kuona.

Hata hivyo, wengi walivuka mpaka wa fundisho hilo wakadhani ubongo wa mtu mzima umekwisha kauka. Uchunguzi wa baadaye umesahihisha dhana hiyo. Mwaka 1996 Norihiro Sadato na wenzake walionyesha kwamba watu waliopofuka tangu utotoni wasomapo nukta nundu kwa vidole, gamba lao la kuona hufanya kazi. Mwaka uliofuata Leonardo Cohen na wenzake walitumia chombo cha sumaku kulivuruga gamba hilo kwa kitambo kidogo, nao wasomaji wakaanza kukosea herufi. Mwaka 2000 ikaelezwa habari ya mwanamke aliyezaliwa kipofu, msomaji hodari wa nukta nundu, aliyepata kiharusi katika pande zote mbili za kisogo. Vidole vyake viliendelea kuhisi nukta, lakini kusoma hakuweza tena.

Hao walipofuka wadogo. Je, mtu mzima? Mwaka 2008 Lotfi Merabet na wenzake mjini Boston walitoa habari ya watu wazima wenye macho mazima waliokubali kufungwa kitambaa machoni kwa siku 5 mfululizo, huku wakifundishwa nukta nundu kila siku. Siku ya 5 gamba lao la kuona lilikuwa likiitikia mguso wa vidole. Walipofunguliwa, hali hiyo ikatoweka katika muda wa saa 24. Njia mpya haziwezi kujengwa ubongoni kwa siku 5 tu. Watafiti wanafikiri kuwa njia hizo zilikuwapo tangu zamani, zimefunikwa na kazi ya macho, nazo zikafunguka macho yalipozuiwa.

Twawaomba wanachuo wasilichukue jambo hili kama muujiza. Aliyepofuka ukubwani hatumii gamba lake la kuona sawasawa na aliyezaliwa kipofu. Uchunguzi mwingi waonyesha kuwa kwake msaada wa sehemu hiyo ni mdogo zaidi. Tena mwaka 2023 Tamar Makin na John Krakauer walitoa hoja kwamba ubongo haubadilishi kabisa kazi ya sehemu zake, bali hukuza uwezo uliokuwamo tangu awali, na kinachoukuza ni mazoezi. Kwa mwalimu, hoja hiyo haivunji moyo hata kidogo, maana mazoezi ndiyo kazi yetu.

Mwenzetu alifunguliwa mlango na kijana mmoja aliyesoma katika shule ya wasioona, aliyekuja Kwala kuwatembelea jamaa zake. Hakuanza na karatasi. Alikata kipande cha trei la mayai chenye vishimo 6, vitatu kushoto na vitatu kulia, akampa korosho za kutia humo. Korosho moja katika kishimo cha juu kushoto ni herufi a. Ukiongeza ya chini yake, ni b. Ukiongeza na ya tatu, ni l. Kwa vishimo hivyo 6 alama 63 zapatikana, nazo zatosha herufi, tarakimu na vituo vyote. Vidole vilipokwisha kuzoea mpangilio, ndipo wakahamia kwenye karatasi nene, kibao na msumari wake wa kutobolea. Walifanya nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, kila siku. Baada ya miezi 7 aliweza kusoma ukurasa mmoja polepole, kidole kikirudi nyuma mara kwa mara.

Akarudi darasani. Alifundisha hesabu za kichwa, mwanafunzi mmoja akiandika ubaoni na mwingine akisoma kwa sauti kilichoandikwa. Wanafunzi waliokuwa wakicheka wakajifunza kusema hesabu zao hatua kwa hatua, kwa sababu mwalimu wao hakuweza kukubali jibu asiloelezwa. Wale watu wafupi wa ukutani hawakuondoka siku moja. Walipungua, na yeye akaacha kuwaogopa. Alistaafu mwaka 2020. Bandari kavu ya Kwala ilipozinduliwa mwaka 2025, alikuwa amekwisha jizoeza kutambua kwa masikio lori lijalo na lori liondokalo kabla ya kuvuka barabara kwa fimbo yake.

Katika habari hii twatoa mashauri manne kwa mwalimu. Kwanza, mwanafunzi mzima asiambiwe umri wake umepita kabla ya kujaribiwa. Mwaka 1970, ulipotangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, walimu wa shule za msingi waliwafundisha wazee kusoma, nao wakasoma. Pili, mazoezi yawe mafupi na ya kila siku. Nusu saa mara mbili yafaa kuliko saa tano za Jumamosi. Tatu, tuanze na kitu kikubwa kishikikacho ndipo tufikie kidogo. Nne, aliyepungukiwa na uoni aulizwe kwa upole na faraghani kama huona vitu visivyokuwapo, wala asichekwe, wala asitiwe hofu.

Tulimkalisha mwenzetu chini ya mwembe kwa zaidi ya mwaka mzima. Vipindi vyake tulivigawana kwa huruma, na kwa huruma hiyo hiyo tukamnyima mazoezi ambayo ubongo wake ulikuwa ukiyangoja. Wanachuo mtakaopangiwa shule za vijijini mtakutana na mzazi, jirani au mwalimu mwenzenu wa namna hiyo. Atakapowauliza kama aweza kujifunza, msimjibu kwa methali. Tafuteni kipande cha trei na korosho sita, mkae naye chini, mwanze.