Dai Hesabu Kwanza

Mteja wa mirathi akikaa mbele yangu hapa Mombasa, neno la kwanza huwa: "Wakili, nataka ami afungwe." Baba amefariki, watoto wangali wadogo, ami akapewa barua za usimamizi. Sasa kodi ya nyumba haionekani, karo haijalipwa, na ami anaezeka kwake vigae.

Mimi huanza na hesabu. Kifungu cha 83 cha Sheria ya Urithi ya Kenya kinamtaka msimamizi awasilishe mahakamani orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi 6 tangu apewe barua. Tena, yeyote mwenye haki katika mirathi anaweza kuomba mahakama imwamuru atoe hesabu. Hata mirathi ya Waislamu inafuata masharti haya ya usimamizi, mradi hayapingani na sharia. Uzuri wa ombi hili ni kwamba hulazimiki kuthibitisha wizi. Ni yeye atakayeeleza kodi iliingia wapi, ikatoka kwa nani, na risiti ziko wapi. "Nilitumia kwa watoto" ni jibu jepesi barazani. Mahakamani shule huulizwa. Wengi hapo ndipo hukumbuka kwamba familia ina wazee wa kusuluhisha.

Akikaidi, kifungu cha 76 kinaruhusu afutiwe barua, na cha 94 kinamtaka alipe hasara aliyosababisha. Jela ipo katika kifungu cha 95, ila faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, havimrudishi mtoto darasani.

Ninachokiogopa zaidi ni ardhi. Kifungu cha 93 kinamlinda mnunuzi aliyelipa kwa nia njema, hata msimamizi akifutiwa barua baadaye. Kwa hiyo tetesi za dalali zikisikika, kabla ya kikao chochote cha ukoo, tunakagua rejista ya ardhi, tunaweka zuio na kuomba amri ya kusimamisha uuzaji.

Kuna sharti moja ambalo familia hulipita siku ya matanga, wanapomteua ami peke yake kwa kuwa ndiye mwenye suti. Watoto wakiwa chini ya miaka 18, mali yao hushikwa kwa amana, na kifungu cha 58 hakitaki msimamizi mmoja wa mirathi isiyo na wosia. Wawe wawili. Mimi humpendekeza mama, na benki iambiwe kwamba hakuna senti itakayotoka bila saini yake.