Nyuzi 95: Mwalimu wa Fizikia wa Ikungi

Kitabu kinasema maji huchemka kwenye nyuzi joto 100. Ikungi hayangoji zifike huko. Mji huu ulio kwenye barabara ya Manyoni kwenda Singida umekaa juu ya uwanda wa mita zipatazo 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa inayobonyeza uso wa maji hapo ina nguvu ya kama asilimia 84 tu ya ile ya Dar es Salaam. Sufuria ikitokota, kipimajoto hugota kwenye 95, na hakipandi tena hata moto uchochewe vipi.

Mwandishi wa makala haya amefundisha fizikia katika shule za kata za eneo hilo tangu 2009, na namba hiyo ndiyo anayoanza nayo kila anapompokea mwalimu mgeni wa somo lake. Video za mtandaoni za maji yanayochemka ni nyingi, zimepigwa kwa kamera nzuri, na katika nyingi mno namba inayosomeka ni 100. Mwanafunzi aliyeangalia video peke yake ataondoka na 100. Aliyeshika kipimajoto mwenyewe atanyoosha mkono: "Mwalimu, samahani, hiki si kibovu?" Swali hilo likishatoka, somo la mgandamizo wa hewa limeshaanza, na mwalimu hana haja ya kulitafutia utangulizi.

Alipofika, Ikungi haikuwa wilaya bado. Iligawanywa kutoka Wilaya ya Singida mwaka 2012. Shule za kata zilikuwa zimechipuka kila upande tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) uanze mwaka 2004, nyingi zikiwa na madarasa matatu, ofisi moja na walimu wa kuhesabika. Mwalimu alikuta chaki, ubao na vitabu vichache vya kugawana. Wanafunzi walikuwa hodari wa kukariri. Waliweza kutaja kwa Kiingereza safi maana ya sumaku, ya ncha zake na ya uga wake, lakini wengi hawakuwahi kushika hata moja.

Kwa hiyo siku za mwisho wa mwezi zikawa siku za safari ya intaneti kafe mjini Singida, flashi mfukoni. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulikuwa umefika Dar es Salaam, ingawa huku bara mabadiliko yalikuja polepole. Video ilipakuliwa kwa saa nzima. Ndiyo maana alijifunza mapema kutafuta maandishi na michoro kwanza, na kitu cha kwanza kilichomfaa kilikuwa kitabu cha zamani sana: mwongozo wa UNESCO wa kufundishia sayansi, uliotolewa mwaka 1956 na kuandikwa upya mwaka 1973, ambao sasa unapatikana bure katika maktaba ya mtandaoni ya shirika hilo. Chimbuko lake ni kijitabu cha mwaka 1948 kilichoandikiwa walimu wa nchi zilizoharibiwa na vita. Waandishi walimfikiria mtu ambaye maabara yake imebomolewa. Mwalimu wa Ikungi, ambaye maabara yake ilikuwa haijajengwa, aliona kurasa zile zinamsemesha yeye.

Baadaye akakutana na orodha ya PIRA, chama cha Marekani cha watu wanaotayarisha maonyesho ya fizikia vyuoni. Wamepanga maonyesho kwa namba kama vitabu vya maktaba: 1 ni mekanika, 2 ni vimiminika na gesi, 3 ni mitikisiko na mawimbi, 4 ni joto, 5 ni umeme na sumaku, 6 ni mwanga, kisha fizikia ya kisasa na elimu ya anga. Kwa mtu aliyezoea kuokoteza video moja moja, mpangilio huo ulikuwa ukombozi. Alianza kupanga mafaili yake kwa namba hizohizo, na mpaka leo hajauacha.

Lakini aliyembadilisha hasa ni Arvind Gupta wa India, mhandisi aliyesoma IIT Kanpur na kuyapa maisha yake kazi ya kutengeneza vifaa vya sayansi kutokana na takataka. Serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Shri mwaka 2018. Vitabu vyake na filamu zake fupi ziko wazi kwa kila mtu, na mota yake ya betri moja imejengwa Ikungi na kila darasa lililopita mikononi mwa mwalimu huyu.

Inahitaji betri kubwa ya tochi, pini mbili za nguo, kipande cha mpira wa baiskeli wa kuzibana pini kwenye ncha za betri, sumaku iliyobanduliwa kwenye spika ya redio mbovu, na waya mwembamba wa shaba kutoka kwa fundi wa kusuka mota. Waya unazungushwa kuwa pete yenye mizunguko kadhaa, ncha zake mbili zikitokeza pande tofauti na kulala ndani ya matundu ya pini. Siri yote iko kwenye kukwangua. Waya huo umepakwa vanishi isiyopitisha umeme. Ncha moja inakwanguliwa pande zote. Ya pili inakwanguliwa upande mmoja tu, nusu ya juu, na nusu ya chini inaachwa na vanishi yake. Hivyo umeme unapita katika nusu ya mzunguko, sumaku inaisukuma pete, kisha umeme unakatika na pete inamalizia nusu iliyobaki kwa mwendo iliokwisha kuupata. Ukikwangua zote mbili kabisa, pete inatikisika mahali pamoja na kusimama. Katika filamu jambo hilo linapita haraka sana. Darasani linachukua kipindi kizima, wembe ukipita mkono kwa mkono chini ya jicho la mwalimu, na kundi la kwanza kuona pete yake inazunguka huwa halinyamazishiki.

Novemba 2012, akiwa ziarani mkoani Singida, Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Michango ikakusanywa, mchanga na mawe vikasombwa, majengo yakainuka. Vifaa vilifuata nyuma, na katika kipindi hicho cha katikati walimu wengi walitegemea kufaragua. Wapo waliosaidiwa na Shika na Mikono, mkusanyo wa majaribio ya vifaa vya dukani na vya jalalani ulioandaliwa na walimu wa kujitolea wa Peace Corps waliofundisha hapa Tanzania. Huo ulikuwa na faida moja kubwa: kila kilichotajwa mle kinapatikana gulioni.

Kuna utafiti ambao mwalimu huyu hachoki kuutaja kila wenzake wanapokaa katika Jumuiya ya Ujifunzaji ya MEWAKA, mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini. Mwaka 2004 Eric Mazur na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya kulinganisha wanafunzi walioliona onyesho, wasioliona, na walioambiwa watabiri kabla ya kuliona. Waliotazama tu hawakuelewa zaidi ya wale ambao hawakuona kitu. Tofauti ilikuwa ndogo mno. Waliotabiri kwanza ndio waliopata faida. Jambo hili linagusa moja kwa moja matumizi ya video. Onyesho la kuvutia lililochezwa tangu mwanzo hadi mwisho kwenye projekta linaweza kulichangamsha darasa zima na kuliacha pale pale lilipokuwa. Kwa sababu hiyo mwalimu anazipenda video za BLOSSOMS za chuo cha MIT, ambazo zimetengenezwa kwa kukatikakatika: mtangazaji anatoa swali, video inasimamishwa, darasa linafanya kazi na mwalimu wake, kisha inaendelea.

Yeye mwenyewe video huitazama usiku, nyumbani, na asubuhi huiacha huko. Darasani anaingia na vitu.

Ikungi ni nchi ya alizeti. Msimu ukifika, mashine za kukamulia hazinyamazi na mafuta yanauzwa barabarani kwa madumu. Onyesho moja mashuhuri mitandaoni linatumia mafuta ya kupikia na chombo cha kioo cha Pyrex, na hakuna mahali linapokaa vizuri kama hapa. Mwalimu hujaza mafuta ya alizeti ndani ya glasi pana, kisha huinua testi tyubu mbili, moja ya Pyrex na moja ya kioo cha kawaida. Kabla ya kuzamisha kitu, kila mwanafunzi anaandika kitakachotokea. Wengi huandika kwamba zitaelea, au zitazama, au zitaonekana zimevunjika kama penseli ndani ya maji. Anazizamisha, akiziacha zijae mafuta mpaka juu. Ya kawaida inabaki inaonekana, kingo zake zikimeremeta. Ya Pyrex haipo.

"Mwalimu, imeyeyuka!"

Anaitoa ikiwa nzima, inachuruzika mafuta, na kuirudisha. Inapotea tena. Sababu ni kwamba mafuta ya alizeti na kioo cha Pyrex vinaupinda mwanga kwa kiasi kilekile, takribani 1.47, ilhali kioo cha kawaida ni kama 1.52. Mwanga ukivuka mpaka bila kupinda wala kurudishwa, jicho halina cha kuuonea mpaka huo. Watoto ambao wazazi wao wanakamua alizeti hurudi nyumbani na swali la kujaribu: je, mafuta yaliyochanganywa na maji au na mafuta mengine yataificha testi tyubu vilevile?

Mtandao una makosa pia, na mengine yamekaa miaka mingi. Mfano ni mshumaa unaowashwa kwenye sahani ya maji na kufunikwa kwa glasi. Mshumaa unazimika, maji yanapanda ndani. Video nyingi zinaeleza kwamba oksijeni imeliwa na maji yamechukua nafasi yake. Darasa la Ikungi huwekewa glasi mbili zinazofanana, moja juu ya mshumaa mmoja na nyingine juu ya mitatu. Oksijeni ni ileile katika zote mbili, lakini kwenye mishumaa mitatu maji hupanda zaidi, na hupanda hasa baada ya moto kuzimika. Hewa iliyopashwa moto ilikuwa imetanuka na nyingine kutoroka. Ikipoa inasinyaa, na hewa ya nje inasukuma maji kuingia. Mwalimu anaamini mwanafunzi anastahili kulijua hilo kwa macho yake kuliko kuambiwa kwamba video fulani imekosea.

Naye Erasto Mpemba huingia darasani kila mwaka. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, alitengeneza aiskrimu, akaweka maziwa yakiwa bado ya moto kwenye friza, na yakaganda mbele ya yale ya mwenzake yaliyopozwa. Hakukubaliwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kutembelea shule; wenzake wakacheka, Osborne akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Mwandishi wa makala haya alisomea ualimu kwenye eneo hilohilo la Mkwawa, lililokuwa limegeuzwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2005, na habari hiyo hana uwezo wa kuisimulia bila hisia. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilipotangaza shindano la kuieleza athari ya Mpemba, majibu zaidi ya 22,000 yalimiminika. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wakaandika kwamba walipopima kwa uangalifu hawakuona ushahidi wa maana wa kuwepo kwake. Mabishano hayajaisha. Mwenye duka jirani na shule ana friza ya barafu za watoto, na kwa hisani yake vikombe vya darasa huingia humo: safari nyingine cha moto hushinda, nyingine cha baridi, na wanafunzi hulazimika kueleza vikombe viliwekwa wapi, vilifunikwa au la, na maji yalitoka wapi.

Simulizi za PhET, zilizoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman wa Chuo Kikuu cha Colorado mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Nobel, alizichukulia kwa tahadhari mwanzoni. Zilipoanza kufanya kazi kwenye simu, na kuweza kutumika bila bando zikishapakuliwa, akazipa kazi yake maalumu. Saketi inayoweza kujengwa kwa betri na balbu hujengwa kwa betri na balbu. Elektroni zinazotembea ndani ya waya, ambazo hakuna jicho litakaloziona, huonyeshwa kwenye simulizi. Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni, hivyo hutumika kompyuta mpakato moja na projekta ya kuazima, na utabiri huandikwa kwanza kama kawaida.

Mada ya mionzi ndiyo inayohitaji vyote viwili. Kila kundi hupewa vizibo mia moja vya soda. Vinarushwa mezani, vilivyoangukia mgongo vinatolewa, vilivyobaki vinahesabiwa na kurushwa tena. Kila mrusho huondoa kama nusu, na mchoro wa ubaoni unashuka kwa mkunjo uleule ambao simulizi inauchora kwa maelfu ya atomu. Hapo urani iliyogunduliwa Manyoni, wilaya jirani, huacha kuwa habari ya redioni. Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliuliza kuhusu miamba mikubwa inayozunguka shule: umri wake unajulikanaje? Ni miamba ya moyo wa kale wa bara hili, yenye zaidi ya miaka bilioni 2.5, na wanajiolojia huupima umri wa miamba ya namna hiyo kwa urani iliyomo ndani ya chembe zake, ambayo nusu yake huchukua miaka bilioni 4.5 hivi kugeuka. Darasa lilipiga hesabu mpaka kengele ya chakula ikalia. Tangu miamba hiyo iumbike, karibu theluthi moja tu ya urani yake ndiyo imekwisha kugeuka. Kwa hesabu ya vizibo, mrusho wa kwanza haujamalizika.